Ukiwa mbali na daktari wa macho, simu itumie hivi

Mama yangu yuko Kasulu, mimi niko Kigoma Mjini, na tangu macho yaanze kumsumbua nimekuwa mtu wa kati baina yake na daktari. Simu imetusaidia sana. Ila kazi yake si kutibu. Inasaidia kujua nani apande gari leo, nani asubiri kliniki na nani huenda anahitaji miwani tu.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Mtoe mgonjwa nje, akae kivulini uso ukielekea kwenye mwanga. Juani atakunja macho, na ndani ya chumba chenye giza picha haitaonyesha kitu. Zima urembo wa kamera unaolainisha sura, kwa sababu hufuta hata ule wekundu ambao daktari anautafuta. Piga macho yote mawili hata kama linalouma ni moja, ili ayalinganishe, kisha mgonjwa atazame juu, chini, kushoto na kulia. WhatsApp huibana picha, kwa hiyo itume kama dokumenti.

Ambatanisha maelezo: tatizo lilianza lini, jicho linauma au linawasha, kuona kumepungua au la, ana kisukari au hana, ametia dawa gani. Hilo la mwisho usilifiche, hata kama ni maji ya majani aliyoshauriwa na jirani. Na mwombe ruhusa mwenye jicho; picha yake si ya kurushwa kwenye kundi la ukoo.

Uwezo wa kuona nao unapimika. Programu ya Peek Acuity, iliyofanyiwa majaribio Nakuru, Kenya, huonyesha herufi E ikigeukia pande tofauti, na mgonjwa huonyesha kwa mkono imeelekea wapi. Hata bibi asiyejua kusoma anapimwa. Simama mita 2 kutoka kwake, naye afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri picha. Chokaa au dawa ya shambani ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 30, kisha nenda hospitali. Jicho lililochomwa na jani la mchikichi au la muhindi, likawa jekundu na kuweka doa jeupe, ni la kuwahishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu fangasi wanaweza kuwa wameingia kwenye kioo cha jicho. Hapo matone yenye deksamethazoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe), ambayo watu hununua dukani bila cheti cha daktari, huwapa fangasi nafasi ya kusambaa. Kuona kukipotea ghafla, ondoka.

Wazazi, hili lishikeni: mkimpiga mtoto picha kwa flashi na mboni moja ikarudisha weupe badala ya wekundu, na ikajirudia kwenye picha nyingine, mpelekeni. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya retina, yaani ya utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka 5.

Presha ya jicho nayo haionekani kwa kamera ya simu. Hupimwa kwa kifaa, na inaweza kula uwezo wa kuona kwa miaka bila maumivu yoyote. Mwenye kisukari apigwe picha ya retina kwa kamera maalumu kila mwaka; picha hiyo ndiyo inayoweza kusafiri hadi kwa bingwa aliye mji mwingine, mgonjwa akabaki kwao.

Daktari akishajibu, usikate simu kabla hajakuandikia jina la dawa, siku ya kuangaliwa tena, na dalili ambayo mgonjwa akiiona aende hospitali bila kuuliza mtu. Mama ana kitochi, kwa hiyo mimi humtumia hayo yote kwa meseji ya kawaida, kwa herufi kubwa.