Ukioa kodi haipungui mwanangu, usimwambie mwenzio aache kazi

Mwanangu, salama? Sisi hapa Kimara tupo, baba yako anakusalimia. Meseji yako nimeisoma. Unasema kuna mtu ofisini kakwambia ukishaoa upeleke cheti cha ndoa HR wakupunguzie kodi, na we ukaona basi mwenzio aache kazi abaki nyumbani, huo unafuu utafidia. Hapana baba. Mama yako nimeandaa mishahara ya watu mpaka nastaafu, PAYE, yaani kodi ya mshahara, haiulizi kama una mke na watoto sita au unakaa geto peke yako, inaangalia slipu ya mtu mmoja mmoja basi. Hayo ya kuunganisha vipato vya mke na mume, wanagawa kwa mbili ndo wanakokotoa, yapo Ujerumani huko, kwetu hamna.

Chukua kalamu. We unalipwa 1,200,000, NSSF, ule mfuko wa pensheni, inatoka kwanza asilimia 10, inabaki 1,080,000, hiyo ndo inakatwa kodi. 270,000 ya mwanzo haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni asilimia 25, inayozidi asilimia 30. Jumla yake 152,000. Na ukivuka milioni sio kwamba mshahara wote unapigwa 30, ni ile iliyozidi tu, watu wengi sana wanajichanganya hapo.

Sasa mkwe wangu analipwa 600,000. NSSF 60,000, kodi 24,000 tu, anashika 516,000. Akiacha kazi, we kodi yako inabaki 152,000 vilevile, haishuki hata shilingi. Na ukisema bosi akuongeze ili uzibe pengo lake, kila laki anayokuongeza 10,000 inaenda NSSF, 27,000 inaenda kodi, unabaki na 63,000, kwahiyo ili uipate ile 516,000 yake inabidi uongezwe kama 820,000. Nani ataongezwa hivyo kwa mkupuo? Kibarua cha pili nacho usikitegemee sana maana mwajiri wa pili anakata asilimia 30 moja kwa moja.

Nyumba ambayo mume na mke wanapata laki sita sita wanalipa kodi 48,000 kwa pamoja, nyumba ambayo mtu mmoja analeta hiyohiyo 1,200,000 inalipa 152,000. Mi hili linaniuma kweli, kwa sababu anayelisha watu saba peke yake ndo anakatwa zaidi, na naona wabunge wangelitazama.

Kama mwenyewe anataka kupumzika au anataka kulea, hilo ni lake, muulize, msikilize. Ila isiwe kwa sababu ya kodi. Jumapili njooni wote na slipu zenu, tukae tupange na hela ya kodi ya nyumba, maana huko Sinza mnakotaka kuhamia nasikia wanadai ya miezi sita.

Mama yako