Je, mofini ni kumuua mgonjwa taratibu?

SWALI: Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, imeshasambaa. Daktari kampa mofini ya maji. Shangazi anasema tunamsaidia kufa. Tuiache?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Msiiache. Kumsaidia mtu kufa ni jambo jingine: huko Oregon, Marekani, tangu 1997 mgonjwa ambaye madaktari wawili wamethibitisha kuwa hatarajiwi kuvuka miezi 6 anaweza kuandikiwa dawa ya kufa, akainywa mwenyewe. Hapo kinachokusudiwa ni kifo, na kwa sheria ya Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni jinai. Mofini ya mama inakusudia kutuliza maumivu, na dozi yake hupandishwa kidogo kidogo. Mwelezeni shangazi hivyo, kwa upole.

Mpeni kila baada ya saa 4 kama alivyoandikiwa, hata asipolalamika. Pimeni kwa bomba la sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, maana choo kigumu ndicho kinachowafanya wengi waikimbie mofini. Kusinzia siku 2 au 3 za mwanzo ni kawaida. Asipoamshika, au akipumua kwa nadra, msimpe dozi inayofuata. Mpigieni daktari mara moja. Mkojo ukipungua pia semeni: saratani hii hubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa, mofini ikajikusanya mwilini.