Kukisia Bei: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua nyingi za toleo hili zinahusu mchezo mmoja: kitu kinawekwa mezani, kila mchezaji ana kete chache za kununulia vidokezo, na mshindi ni aliyetaja bei iliyo karibu zaidi na bei halisi bila kuivuka.

SWALI: Tunacheza wanne, tunataja bei kwa sauti kwa zamu. Wa mwisho huongeza shilingi hamsini tu juu ya bei ya mwenzake, naye hushinda mara nyingi kuliko sisi wote. Huu si wizi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si wizi, ni hesabu. Tuseme kuna pasi mezani na mnajua bei yake iko kati ya 10,000 na 30,000, popote pale. Watatu wa kwanza wamesema 14,000, 19,000 na 25,000. Pengo kubwa zaidi ni la kuanzia 19,000 hadi 25,000. Wa mwisho akisema 19,050, amelibeba karibu lote: elfu sita kati ya elfu ishirini, yaani asilimia 30. Akijifanya mstaarabu akasema 22,000 katikati ya pengo, anabaki na elfu tatu tu, asilimia 15. Na yule wa 19,000 sasa hana chake, labda bei iwe 19,000 kamili au ianguke ndani ya zile hamsini.

Kuna pengo jingine ambalo wachezaji wengi hulisahau, lile la chini ya wote. Ukihisi wenzako watatu wamepaa, taja shilingi mia. Bei ikiwa chini ya 14,000 wote wameivuka na pasi ni yako. Kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani, The Price Is Right, kinachorushwa na CBS tangu 1972, washindani wanne hufanya hivyo hivyo kila siku: dola moja juu ya mwenzako, au dola moja kavu.

Dawa zipo. Ya kwanza ni hatua ya lazima: kila bei itofautiane na zilizokwisha kutajwa kwa angalau elfu moja. Hapo wa mwisho atasema 20,000 na kupata elfu tano, yaani robo, fungu halali la mtu mmoja kati ya wanne. Ya pili ni kuzungusha zamu: aliyeshinda bidhaa hii aanze kwenye inayofuata. Ya tatu ni kuandika bei kwenye karatasi na kuzifungua pamoja. Hii humaliza ujanja wote, lakini mchezo unapoa. Kelele na kutegana ndiyo nusu ya utamu. Sisi tungetumia mbili za kwanza na kuziacha karatasi.

SWALI: Tugawe kete ngapi, na vidokezo viuzwe kwa bei gani? Kwetu watu wanamaliza mchezo na kete zote mkononi.
Kikundi cha vijana, Tanga

JIBU: Basi vidokezo vyenu ama ni ghali mno, ama havisaidii. Jaribuni mpango huu kwa bidhaa 8: kila mmoja kete 20 (vizibo vya soda vinatosha). Kete 1 inanunua maelezo ya bidhaa: ukubwa, nguvu ya umeme, ilikotengenezwa. Kete 2 zinanunua swali la ndiyo au hapana kuhusu kiwango unachokichagua mwenyewe: "Imevuka 20,000?" Kete 4 zinanunua tarakimu ya maelfu, ukiambiwa 7, bei ni kumi na saba elfu na kitu au ishirini na saba elfu na kitu. Seti nzima ni kete 7, hivyo anayenunua kila kitu anafilisika kwenye bidhaa ya tatu. Hapo ndipo watu wanaanza kufikiri.

Pointi: bidhaa moja iwe 5, na kila kete 3 zilizobaki ziwe pointi 1. Asiyenunua chochote anaondoka na pointi 6, zaidi kidogo ya bidhaa moja tu. Mkiziacha kete za mwisho bila thamani yoyote, bidhaa ya nane itakuwa soko la kumalizia kete.

Vidokezo vinunuliwe zamu ya mtu inapofika, na msimamizi ajibu kwa kuandika, si kwa kusema. Kwa mchezaji, kanuni ni hii: nunua kidokezo pale tu kinapoweza kubadilisha namba utakayotaja. Rudi kwenye pasi yetu. Wa mwisho anasita kati ya pengo la 14,000 na la 19,000, swali la "imevuka 19,000?" linamstahili kete mbili. Kujua kwamba pasi ina wati 1,200 hakumsaidii kitu. Anayeanza, kwa upande wake, asinunue cha ghali: akishataja bei, wenzake watatu wameshasoma kidokezo chake bure.

SWALI: Tunajaza sarafu kwenye chupa, tunaipiga mnada, mshindi analipa alichotaja na kuchukua chupa. Kila mara mshindi analia. Kwa nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu mnada humchagua aliyekosea zaidi kwenda juu. Mwaka 1983 watafiti Max Bazerman na William Samuelson walichapisha jaribio la namna hii. Chupa zilikuwa na thamani ya dola 8. Makisio ya wanafunzi yalikuwa na wastani wa dola 5.13, chini kabisa ya ukweli, lakini wastani wa dau lililoshinda ulikuwa dola 10.01.

Hesabu ya kujikinga: tuseme makisio ya kila mmoja yanaweza kupotoka hadi 3,000 juu au chini kwa usawa. Mkiwa wawili, kisio la juu zaidi hupita ukweli kwa wastani wa 1,000. Mkiwa watano, 2,000. Mkiwa tisa, 2,400. Kwa hiyo ukikadiria 12,000 kati ya watu watano, dau la 10,000 linakutoa bila hasara. Ukitaka faida, shuka zaidi. Wengi hufanya kinyume: wakiona wapinzani wameongezeka, wanapandisha.

SWALI: Kuna mtu aliyewahi kupatia bei kamili ya zawadi kubwa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndiyo. Mwaka 2008, kwenye kipindi hicho cha Marekani, Terry Kniess alitaja dola 23,743 kwa rundo la zawadi, na ndiyo ilikuwa bei yenyewe. Bidhaa zilikuwa zikijirudia kipindi hadi kipindi, na kulikuwa na watazamaji waliozikariri bei. Hivyo msirudie bidhaa.

SWALI: Bidhaa zipi hazifai?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Petroli, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo kila mwezi na dereva yeyote anaijua. Vitenge na mitumba, maana bei inategemea ulivyobembeleza, mtagombana. Tumieni vitu vya bei iliyobandikwa, na risiti isizidi wiki moja.