Maswali ya Wasomaji: Makuti, Mchwa na Matandazo ya Bustani

Swali: Assalamu aleikum. Nalima mchicha, bamia na nyanya katika kishamba changu cha Gede, Malindi, kwenye udongo wa kichanga usiokaa maji. Kila nikimaliza kupalilia hukusanya magugu, majani ya mwembe na makuti mabovu, nikayachoma. Mwanangu anashauri niyatandaze shambani, lakini majirani wananionya kwamba nitawaita mchwa. Nimsikilize nani?
*Mama mkulima, Gede*

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Msikilize mwanao, ila onyo la majirani usilitupe, maana lina ukweli wake.

Tatizo la udongo wako si uchache wa mvua peke yake, kwani masika yanapokuja maji huwapo. Ni kwamba maji hayo huzama upesi kupita mizizi, na yale machache yanayobaki juu hukaushwa na jua na upepo wa kaskazi. Kinachoweza kuyashika katika mchanga ni mboji, nayo hutokana na takataka hizo hizo unazozichoma. Moto hukuachia jivu lenye potasiamu na chokaa, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na moshi.

Mwagilia kwanza au ungoje mvua inyeshe, kisha utandaze udongo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu matandazo yakiwekwa juu ya udongo mkavu huuhifadhi ukavu wenyewe, na manyunyu hafifu huishia kwenye majani bila kufika chini. Unene wa sentimita 5 hadi 8 watosha kwa mboga. Makuti yakatekate vipande vifupi, na magugu yaliyokwisha kutoa mbegu usiyatumie kabisa. Anza na nyanya, kwani mbali na unyevu, matandazo huzuia matone ya mvua kurusha udongo wenye vimelea vya magonjwa kwenye majani ya chini. Mchicha uache mpaka uote na kuinuka, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo mno na hazitaweza kupenya.

Kuhusu mchwa, wengi wao hufuata vitu vikavu vilivyokufa, na huligeukia zao hasa linapodhoofika kwa kiu. Acha upana wa kiganja kati ya matandazo na shina, na ukiona vijia vyao vya udongo vikipanda shina, vibomoe mapema na usogeze majani mbali zaidi. Mimi ningehofia zaidi magogo ya mnazi yaliyooza, ambayo wengine huyapanga kuzunguka bustani kama pambo. Humo huzaliana chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi.

Tahadhari nyingine ni kwamba makuti makavu hayafai kufukiwa. Yakichanganywa na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni iliyokusudiwa mimea, nayo mboga hugeuka manjano. Tia samadi iliyoiva chini, makuti yakae juu.

Swali: Je, majani ya bahari yanayotupwa ufuoni yafaa kwa matandazo?
*Msomaji, Lamu*

Jibu: Yafaa yakiisha chumvi. Kwa kuwa maji matamu ni ya thamani Lamu, usiyaoshe kwa maji ya kisima. Yarundike mahali pa mteremko, mbali na mimea, yanyeshewe msimu mzima wa masika kabla ya kuyatumia.