Maswali ya Wasomaji: Skripti Inayokosea Kadi ya Mtandao

SWALI: Ndugu mhariri, nimeandika skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) inayotafuta kitambulisho cha kadi ya mtandao katika kompyuta za Windows ninazozisimamia, kisha inakitumia kubadilisha mipangilio ya TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya mtandao) ndani ya rejista, yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows. Katika baadhi ya kompyuta, mabadiliko huangukia kadi nyingine kabisa. Kosa liko wapi? Je, ni afadhali nitumie anwani ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kadi kwenye mtandao?

JIBU: Inaelekea skripti yako huchukua kadi ya kwanza kwenye orodha, ilhali mpangilio wa orodha hiyo hauna maana yoyote. Kompyuta yenye programu ya VPN au ya kuendeshea kompyuta pepe huwa pia na kadi pepe, nazo huorodheshwa pamoja na zile halisi. Anza na amri hii:

Get-NetAdapter -Physical | Where-Object Status -eq 'Up' | Select-Object Name, ifIndex, InterfaceGuid, MacAddress, PermanentAddress

Zikibaki kadi mbili, tuseme ya waya na ya Wi-Fi, usibahatishe. Iulize Get-NetRoute njia ya 0.0.0.0/0 (njia chaguo-msingi ya kutokea nje) inapitia ifIndex ipi, yaani kadi yenye namba ipi. Njia zikiwa zaidi ya moja, hutumika ile ambayo jumla ya RouteMetric na InterfaceMetric (gharama ya njia na ya kadi) ni ndogo kuliko nyingine. Mimi hupendelea mbinu hii ya Get-NetRoute hata kuliko kuchuja kwa -Physical, kwa sababu penye swichi pepe ya nje ya Hyper-V (mfumo wa Windows wa kuendeshea kompyuta pepe), anwani ya IP huhamia kwenye kadi pepe na ile halisi hubaki bila anwani.

Kwa kazi ya rejista unahitaji InterfaceGuid (GUID, yaani kitambulisho cha kipekee cha kadi), kwa kuwa vifunguo vilivyo chini ya Tcpip\Parameters\Interfaces hutajwa kwa kitambulisho hicho. Jina kama «Ethernet» linaweza kubadilishwa na msimamizi yeyote, na ifIndex inaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Hata GUID usiihifadhi kwenye faili, kwani kadi ikiondolewa na kusakinishwa tena inaweza kupata nyingine. Iache skripti iitafute kila inapoendeshwa.

Anwani ya MAC inafaa zaidi kwa orodha ya vifaa. Hata hivyo, Windows inaweza kuipa Wi-Fi anwani ya kubahatisha, ambayo tarakimu yake ya pili huwa 2, 6, A au E, kwa hiyo andika PermanentAddress (anwani ya kudumu ya kadi) badala ya MacAddress. Adapta za USB zinazoazimwa zitenge kabisa na orodha hiyo, kwani anwani ya adapta huhamia nayo kwenye kila kompyuta inapochomekwa, na kompyuta mbili zitaonekana kuwa moja.