Chupa ni ya kioo, mfuniko je?

SWALI: Natengeneza siagi ya karanga hapa Moshi na kuipakia kwenye chupa za kioo za gramu 200 na 500. Mnunuzi wa Ujerumani anadai karatasi ya kuthibitisha kuwa kifungashio hakina kemikali zenye madhara. Kioo nacho kina kemikali gani?

JIBU: Dada, kioo hakina tatizo. Shida iko kwenye mfuniko. Ugeuze uutazame: ule mpira laini unaozunguka ukingo kwa ndani mara nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini, iliyolainishwa kwa ESBO, yaani mafuta ya soya yaliyobadilishwa kikemia, au kwa fthaleti, kundi jingine la kemikali za kulainishia plastiki. Vilainishi hivyo huyeyukia kwenye mafuta. Na siagi ya karanga ikitulia, mafuta hupanda juu. Chupa ikisafiri imelazwa, mpira unaloa kwa wiki kadhaa.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 10/2011 inataka ESBO isizidi miligramu 60 kwa kilo ya chakula. Hapo chupa ndogo ndiyo inayoponza: kwa mfuniko uleule, gramu 500 zinavumilia miligramu 30, gramu 200 zinavumilia 12 tu. Fthaleti aina ya DEHP hairuhusiwi kabisa kulainishia kifungashio kinachogusa chakula cha mafuta. Kuna pia vanishi ya ndani ya bati la mfuniko: kanuni ya Umoja huo namba 2024/3190 imepiga marufuku bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea vanishi hiyo, na vifungashio vya kutumika mara moja kwa bidhaa kama yako vimepewa muda hadi 20 Julai 2026.

Unaweza kujichunguzia PVC mwenyewe. Menya waya wa shaba, uuchome kwenye jiko la gesi mpaka mwali usionyeshe kijani. Ungali moto, uguse mpira wa mfuniko, kisha uurudishe motoni. Kijani kikitokea, kuna klorini, na karibu hakika ni PVC. Fanyia nje, usivute moshi wake. Kilainishi ni kipi, hilo ni la maabara.

Mimi ningeagiza mifuniko isiyo na PVC, ingawa ni ghali zaidi. Kwa vyovyote, dai tamko la ulinganifu, yaani ile karatasi anayoitaka mnunuzi wako, kutoka kiwandani, si maneno ya muuzaji wa jumla. Litaje 10/2011, chakula chenye mafuta, na kipimo cha siku 10 kwa nyuzi 60 ndani ya mafuta ya mimea. Likitaja maji na siki peke yake, lirudishe. Chupa zisafiri zimesimama, na katoni ziwe na mshale wa juu.