Maswali yenu kuhusu DR DOS

Kumbukumbu zangu za MS-DOS, mfumo endeshi wa Microsoft (programu kuu inayoendesha kompyuta), nilizozitaja katika safu iliyopita zimewafanya baadhi yenu kuuliza juu ya mpinzani wake, DR DOS. Nimechagua maswali matano.

DR DOS ulitoka wapi, na herufi hizo mbili za mwanzo zina maana gani?

Ni ufupisho wa Digital Research, kampuni ya Gary Kildall na mkewe, Dorothy McEwen, iliyokuwa Pacific Grove, California. Kildall ndiye aliyetunga CP/M mwaka 1974, mfumo endeshi uliotawala kompyuta ndogo kabla ya IBM kuingia sokoni, na hata leo anayeitambua diski kwa herufi A: au C: anafuata desturi ambayo MS-DOS iliirithi kutoka huko. IBM ilipotoa kompyuta yake mwezi Agosti 1981, iliuza PC DOS, yaani MS-DOS kwa jina la IBM, kwa dola 40. CP/M-86, toleo la CP/M kwa kompyuta hiyo, ulipofuata uliuzwa kwa dola 240, na kwa tofauti hiyo mnunuzi hakuwa na haja ya kuomba ushauri. Mwaka 1988 Digital Research ilirudi kwa njia nyingine, ikatoa mfumo wa kuendesha programu zilezile zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS. Toleo la kwanza kabisa lilipewa namba 3.31 ili lilingane na la mpinzani.

Kama uliendesha programu zilezile, kwa nini mtu aununue badala ya MS-DOS?

Kwa sababu ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Programu za DOS zilibanwa ndani ya kilobaiti 640 za mwanzo, na humo humo ndimo ulimokaa mfumo wenyewe, programu ya kuendeshea kipanya, na ya mtandao kama ofisi ilikuwa nao. Mtu aliweza kuwa na kompyuta ya megabaiti 4, aliyoilipia fedha nyingi, kisha programu yake ya hesabu ikamwambia kwamba kumbukumbu haitoshi.

DR DOS 5.0 wa mwaka 1990 ulilishughulikia tatizo hilo moja kwa moja. Katika CONFIG.SYS, faili la maagizo ambalo kompyuta huyasoma inapowashwa, mtumiaji aliweka mstari wa kuita EMM386.SYS, akaandika HIDOS=ON, na pale alipozoea kuandika DEVICE akaandika HIDEVICE. Kwenye kompyuta yenye kichakato cha Intel 386, sehemu kubwa ya mfumo ilihamia juu ya megabaiti ya kwanza, na programu ndogondogo zikajipenyeza katika nafasi zilizo wazi kati ya kilobaiti 640 na megabaiti 1. Microsoft ilijibu kwa MS-DOS 5.0 mwezi Juni 1991, ikiwa na uwezo wa namna hiyohiyo. Ninaamini kwamba hata wale ambao hawakuwahi kuigusa DR DOS walinufaika nayo.

Palikuwa na mambo mengine madogo yaliyopendwa. Ukiandika HISTORY=ON, mshale wa juu wa kibodi ulikurudishia amri ulizokwisha kuandika, ilhali wenzako wa MS-DOS walikuwa bado wakibonyeza F3 kupata amri moja tu ya mwisho. Toleo la 6.0, lililotoka Septemba 1991, liliongeza programu ya kubana diski, jambo ambalo MS-DOS haikuwa nalo hadi mwaka 1993.

Je, ni kweli kwamba Windows ilitengenezwa ili iukatae?

Toleo la majaribio la Windows 3.1, lililosambazwa mwishoni mwa mwaka 1991, lilikuwa na kipande cha msimbo kilichofichwa kwa ustadi, ambacho baadaye kilijulikana kama AARD. Kilichungulia miundo ya ndani ya DOS, na kilipokuta si ya Microsoft kilionyesha ujumbe wa kosa lenye namba, kikimtaka mtumiaji abonyeze ENTER kutoka au C kuendelea. Aliyebonyeza C aliendelea na kazi yake, ila shaka ilikwisha kupandwa. Katika Windows 3.1 iliyouzwa madukani msimbo huo ulikuwamo bado, lakini umezimwa.

Basi hicho ndicho kilichoua DR DOS?

Watu hupenda kukitaja kwa kuwa kina mvuto wa hadithi ya upelelezi. Mimi naona mikataba iliumiza zaidi. Watengenezaji wengi wa kompyuta waliilipa Microsoft kwa kila mashine waliyouza, iwe ina MS-DOS au haina, kwa hiyo kuweka DR DOS kulimaanisha kulipa mara mbili. Serikali ya Marekani iliubana utaratibu huo kwa makubaliano ya mwaka 1994, mwaka uleule aliofariki Kildall, akiwa na umri wa miaka 52. Wakati huo Digital Research ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya Novell, tangu mwaka 1991, na Windows 95 ilikuwa njiani.

Novell iliuuza DR DOS kwa kampuni ya Caldera mwezi Julai 1996, na Caldera ikaishtaki Microsoft papo hapo. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama mwezi Januari 2000, na kiasi ambacho Microsoft ililipa kilifichuliwa mwaka 2009: dola milioni 280. Bidhaa iliyoshindwa dukani ililipa vizuri mahakamani.

Naweza kuujaribu leo?

Toleo la 7.03 la mwaka 1999 hufanya kazi vizuri ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima. Usihangaike kutafuta la 8.1 la mwaka 2005, kwani liliondolewa sokoni baada ya kubainika kuwa lilibeba programu za FreeDOS, mfumo huria wa aina ya DOS, bila kutimiza masharti ya leseni yake. Kama unachotaka ni kuendesha tu programu za zamani, chukua FreeDOS wenyewe, ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, kwa kuwa haulipiwi na bado unatunzwa.